Kabati la Belvona

Kilichomshtua kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama: tarakimu moja tu, ndani ya kidirisha chekundu, mgongoni mwa kamera ya katikati.

Wewe uliyekuwa nasi wiki iliyopita unakumbuka tulipomwacha Ziada. Amesimama upande wa ndani wa kabati la kioo, kitambaa cha vumbi mkononi, na ufunguo wa kabati umeshatoka msumarini na kuingia mfukoni mwa Bwana Sebastiani, wakala wa kampuni ya kamera za Belvona. Wewe uliyekosa gazeti usitaabike. Tutakueleza huku tunakwenda, maana leo hatuna pa kupumzikia.

Kamera tano za Belvona zilipangwa safu moja. Wateja waliziona nyuso. Ziada aliona migongo. Kamera isiyo na filamu, kidirisha chake ni giza tupu. Nne zilikuwa giza. Ya katikati ilikuwa na saba.

Na nyuma ya saba ile alikuwamo Mwahija.

Mwahija, binti wa Mzee Tawakali mwenye duka, ameolewa Ijumaa iliyopita na kupelekwa Masoko kwa mumewe. Ziada ni binti wa dada yake Tawakali, amelelewa humohumo. Ndiye aliyempiga bi harusi picha, chumbani kwa wanawake siku ya hina, kwa kamera ambayo mjomba wake alimwazima kutoka kabatini. Mwahija kichwa wazi, mabega wazi, nywele zimefumuliwa, anacheka mpaka jino la mwisho. Alikubali kwa sharti moja.

“Zisafishwe na Biasha. Asizione mwanamume yeyote, hata kwa bahati mbaya.”

Biasha ni mjane wa mpiga picha wa Kilwa Kivinje. Husafisha filamu chumbani mwake, nyuma ya mapazia mawili, na wanawake wa mji wote humwamini kuliko wanavyowaamini waume zao. Ziada aliapa. Sasa kiapo chake kimefungiwa nyuma ya kioo, na mwenye ufunguo ametoka Lindi na lori.

“Hizi tano nazichukua,” Bwana Sebastiani alikuwa akisema, vumbi la Kiranjeranje bado liko kwenye viatu vyake. “Nimekuletea mpya tano, mzee. Hizi zinakwenda Lindi zikafunguliwe, ziangaliwe, zirudi sokoni.”

“Zikafunguliwe,” Ziada alirudia moyoni.

Akaliacha kabati akapenya pazia la nyuma, kwa Bi Kibibi, mke wa mjomba wake.

“Mama, ile kamera iliyokuwa juu ya sanduku langu, nani kaiondoa?”

“Mimi.” Bi Kibibi alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. “Wachuuzi wa samaki wamepita asubuhi, wakasema lori la Sebastiani limelala Kiranjeranje. Nikaangalia kabati, lina pengo. Yule mtu akiona pengo atamsumbua mjomba wako mpaka jua lizame. Nikalirudisha dude lake.”

“Lakini nilikuomba isiguswe. Nilikwambia haijasafishwa.”

“Ndiyo. Nikaisafisha.”

Ziada alimkodolea macho.

“Nimeifuta kwa kitambaa cha maji, nikaikausha, ile ngozi yake nikaipaka mafuta ya nazi. Katazame, inang’aa kuliko zote. Mtu akiniambia kitu hakijasafishwa, mwanangu, mimi siwezi kukaa nakitazama tu.”

“Si kamera, Mama. Picha ndizo hazijasafishwa.”

“Picha si ziko kwa Biasha?”

“Ziko ndani.”

“Ndani wapi?”

“Ndani ya kamera.”

Mkono wa Bi Kibibi ulisimama. Chembe ya nazi ilidondoka kidoleni.

“Na mimi nimo?”

“Umo, Mama. Unacheza.”

“Nimevaa nini?”

Bi Kibibi mwenyewe alikumbuka alichovaa, akafumba macho.

“Nenda kamwambie mjomba wako, sasa hivi.”

“Mbele ya mgeni?”

“Ulitaka nitoke mimi, na mikono hii ya nazi, nikasimame mbele ya mwanamume wa Lindi? Nenda.”

Alikwenda. Lakini ni vizuri umjue Ziada, msomaji, ili usimlaumu bure. Alitolewa shule darasa la tatu, na tangu hapo maneno yake yamekuwa machache na ya kuazima. Husema “ukipenda” na “kama si taabu”. Husema “Mwahija anaomba”, hata pale anayeomba ni yeye. Zamani alikuwa na mahali pamoja tu ambapo ulimi wake ulifunguka, napo palikuwa hapa dukani, mbele, pale lilipo kabati. Pale palikuwa na benchi. Wanawake walikuja, wakaketi, wakakunjua kanga magotini, wakabishana juu ya maneno ya pindo, na Ziada aliwasomea, akicheka nao.

Kisha lilikuja kabati. Kioo mbele, kioo juu, mbao zinazong’aa, kitu ambacho Kivinje ilikuwa haijakiona dukani kwa mtu yeyote. Benchi lilitupwa uani. Kanga zilihamia kwenye dirisha la nyuma, na wanawake nao wakahamia huko, wanunue wamesimama juani. Mahali pa benchi pakawa pa Belvona.

Na juu ya kabati Bwana Sebastiani aligongomea picha ya karatasi: mwanamke wa Kizungu, kichwa wazi, ameshika Belvona anacheka. Jua limempausha. Bi Kibibi humwita mke mwenza.

Ziada alipotoka nyuma ya pazia alikuta wanaume wawili wanabishana kwa sauti ya chini.

“Ile pale chini ni nini?” Sebastiani aliuliza.

“Ipi?”

“Inayochungulia nyuma ya makopo ya mafuta ya taa.”

Mzee Tawakali alikohoa. “Kamera ya Tiko.”

“Nimeambiwa mwezi uliopita ilikuwa juu ya kaunta.”

“Watu wanaiulizia, Bwana Sebastiani. Ni nyepesi. Haina matata.”

“Nani amesema ni mbovu? Mimi mwenyewe ninayo nyumbani.” Sebastiani alicheka kidogo, kisha akaacha. “Lakini niambie, Tiko imekuletea kabati?”

“Hapana.”

“Masika yaliyopita, barabara ilipokatika na maduka yote ya pwani yakakosa filamu, Tiko ilikuletea filamu?”

“Hapana. Ulileta wewe.”

“Basi. Mtu akiingia hapa hajui kamera, mzee. Anajua iliyo mbele na iliyo nyuma. Kamera atainunua mara moja. Filamu ataifuata kila Idi, kila harusi, kila mtoto akizaliwa, na filamu yetu haiingii kwenye kamera ya mtu mwingine. Kwa hiyo kampuni haigombei kununuliwa leo. Inagombea kukaa mbele. Wenye mbele tukiwa sisi, miaka kumi wateja ni wetu.”

“Nimekuelewa.”

“Kampuni inataka ile Tiko iondoke kabisa.”

Ziada alisogea mpaka kwenye kiwiko cha mjomba wake. “Mjomba,” alinong’ona, “kama si taabu…”

“Subiri, mwanangu.”

“Hodi humu.”

Aliingia Klementi, mkulima wa ufuta kutoka bara, shati limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu ndani.”

“Mtoto wangu anabatizwa Jumapili. Nataka kamera. Nataka ile ndogo, Tiko, shemeji yangu anayo.”

Mzee Tawakali alimtazama Sebastiani. Sebastiani aliyatazama makopo ya mafuta ya taa.

“Tiko,” alisema Mzee Tawakali polepole, huku akiisukuma kwa kisigino, “kwa leo haipo.”

“Haipo?”

“Zipo Belvona.”

Klementi aliinama mbele ya kioo. Alizitazama kamera tano kama mtu anayechagua mbuzi. “Kama mmezikalisha hapa mbele namna hii, basi ndizo nzuri,” alisema. “Haya, nipe hiyo ya katikati. Inang’aa kuliko wenzake.”

Moyo wa Ziada uliruka. Ainunue. Aondoke nayo. Atamkimbilia njiani, atamwendea mkewe, mwanamke mwenzake ataelewa. Alijikuta anaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

“Za kabatini haziuzwi leo,” alisema Sebastiani. “Utapata mpya, ndani ya boksi lake.”

“Mimi nataka hiyo.”

“Ni zilezile, ndugu yangu.”

“Kama ni zilezile nipe hiyo.”

“Hiyo imeshaona jua la Kivinje mwaka mzima. Mtoto wako anabatizwa, unataka apigwe na kamera iliyozeeka?”

Klementi alifikiri. Hilo lilimwingia. Alipewa boksi, akaondoka amelikumbatia, na tumaini la Ziada liliondoka naye.

Sebastiani alitoa ufunguo. Kabati likafunguka bila mlio.

“Lakini kweli inang’aa,” alisema, akanyoosha mkono, akaipita ya kwanza, akaipita ya pili, akaichukua ya katikati. Aliigeuzageuza. Aliinusa. “Mzee Tawakali, kamera hii inanukia wali wa nazi.”

“Wali?”

“Nusa mwenyewe.”

Mzee Tawakali alinusa. Wawili hao walitazamana, na nyuma ya pazia mbuzi ya nazi ilianguka kwa kishindo.

Hapo ndipo Sebastiani alipoigeuza mgongo.

“Ina filamu,” alisema.

“Ah, ni ya harusi,” Mzee Tawakali alisema, uso umechangamka. Maskini, yeye alijua kamera ilitoka na imerudi. Hakujua picha zilipigwa chumba gani. “Niliwaazima wanawake. Harusi ya binti yangu Mwahija.”

Tulidhani Sebastiani angekasirika, kamera ya maonyesho imetumiwa. Ziada naye alidhani hivyo, na laiti ingekuwa hivyo. Sebastiani alitabasamu.

“Harusi ya pwani,” alisema taratibu. “Bi harusi wa Kivinje. Mzee, unajua nimehangaika kiasi gani?” Aliinua macho kwa yule Mzungu wa karatasi. “Huyu amechakaa, na wateja hawamjui. Kampuni inataka picha ya watu wa hapahapa, iliyopigwa na Belvona yenyewe. Tutakusafishia Lindi, bure, kwa heshima yako. Iliyo nzuri kuliko zote tutaikuza iwe kubwa hivi.” Alitanua mikono. “Nitaitundika juu ya kila kabati langu. Lindi, Masoko, Somanga, kila duka lenye Belvona.”

“Mwanangu?”

“Binti yako, mzee. Watu watauliza, huyu nani? Wataambiwa, wa Mzee Tawakali. Na wewe nitakuletea kabati la pili.”

“La pili.”

“Na masika filamu itaanzia kwako kabla ya kufika kwingine.”

Tunamfahamu Mzee Tawakali, si mtu mbaya. Lakini macho yake yalikwenda ukutani, pale penye nafasi ya kabati la pili, yakaupima ule ukuta. “Basi, safisha,” alisema.

Nyuma ya pazia sinia lilipigwa, ko, ko, ko.

“Wanakuita,” alisema Sebastiani.

“Wamekosa chumvi hao.”

Ko, ko, ko, ko. Sasa lilipigwa kwa kijiko.

Mzee Tawakali alikwenda. Pazia lilifunga. Sebastiani alisimama akiipeperusha kamera kwa mkanda wake, akiimba kwa pua. Ziada alisikia kila neno.

“Kuna nini ndani ya kile kitu?” Sauti ya mjomba.

“Mwanao.”

“Najua ni mwanangu. Harusi yake.”

“Mwanao kichwa wazi. Mabega wazi. Na mkeo anacheza.”

“Amevaa nini?”

“Alivyovaa siku ya hina, Mzee Tawakali. Ulitaka avae koti?”

Aliporudi, uso wa mjomba ulikuwa umebadilika rangi.

“Bwana Sebastiani, samahani. Hiyo filamu naomba niitoe. Ni mambo ya ndani.”

“Haitoki hapa. Ikipigwa na mwanga imekufa.”

“Basi niachie kamera mpaka kesho, wanawake wataishughulikia.”

Tabasamu la Sebastiani lilipungua, taratibu, kama utambi unaoshushwa. “Mzee, tulipatana. Kabati ni la kampuni. Kamera za kabatini ni za kampuni. Kilichomo ndani ya kamera za kabatini?”

“Ni binti yangu.”

“Ni filamu ya kampuni. Sikuwatuma wanawake waitumie.” Aliiweka kwenye kaunta, mkono juu yake. “Hatugombani. Ukitaka kubaki na filamu, vunja mapatano. Vijana wangu wako nje, lori lipo. Kabati linatoka leo, na filamu za masika nitazipeleka duka la ng’ambo ya barabara. Wamenibembeleza tangu mwaka jana, unajua.”

Mzee Tawakali alilitazama duka la ng’ambo. Alilitazama kabati lake, kioo chake, mbao zake. Alilamba midomo.

“Labda,” alisema. “Labda isafishwe na wewe mwenyewe, Bwana Sebastiani. Macho yako tu. Wewe ni mtu mzima. Uchague ile ambayo… ambayo amejifunika.”

“Nitajitahidi.”

“Kama ipo.”

“Kama ipo,” alisema Sebastiani.

Haikuwapo. Ziada alijua picha zote saba. Ya kwanza, mikono ya Mwahija imenyooshwa, hina mbichi. Ya tatu, Bi Kibibi. Ya sita, kungwi mzee ambaye tangu ujana wake hakuna mwanamume wa nje aliyeuona hata ukucha wake. Na ya saba Mwahija alijipiga mgongo wa kiganja mdomoni kwa kicheko, akasema, hii ni yako, Ziada, unitazame nikishakwenda kwa watu. Hakuna picha nyingine ya Mwahija duniani.

Sebastiani alinyanyua mkono wake kutoka kwenye kamera, kutafuta mfuko wa kuitia.

Ziada aliichukua.

Hata yeye hakuamini. Kitambaa cha vumbi kilikuwa sakafuni, na kamera ilikuwa kifuani mwake, inanukia nazi, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya kifungio cha ubavuni. Biasha alimfundisha kifungio hicho. Ukikisukuma nusu kinalegea. Ukikisukuma chote mgongo unafunguka, mwanga unaingia, na kilichokuwamo hakitaonekana tena na yeyote.

“Binti,” Sebastiani alisema, sauti laini kama ya mtu anayemsogelea kuku, “hiyo ukiifungua picha zinakufa.”

Ziada aliitikia kwa kichwa.

“Za dada yako.”

Aliitikia tena. Kidole kilisukuma nusu. Kifungio kililegea, kakk, sauti ndogo ambayo duka zima lilisikia.

“Ziada,” alisema mjomba wake. “Mwanangu. Iweke chini.”

Sebastiani alidaka mkanda. Ziada hakuachia. Mkanda ulikazika baina yao juu ya kaunta, upande mmoja mwanamume wa Lindi, upande mwingine msichana ambaye mwaka mzima hakuwahi kumtazama usoni mteja hata mmoja. Nje vijana wa lori walikuwa wameacha kupakua. Pazia lilisogea, na kwa mara ya kwanza tangu kabati liingie, Bi Kibibi alitokea mbele ya duka kukiwa na wanaume wageni, ukaya kichwani, mikono bado ina nazi, na nyuma yake wanawake watatu waliokuwa wanangoja kanga dirishani.

Wote walikuwa wanamtazama Ziada.

“Mwambie mjomba wako unachotaka,” alisema Bi Kibibi. “Usiseme Mwahija anaomba. Wewe.”

Ziada alifungua mdomo. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu siku benchi lilipotupwa uani, na kwa muda mrefu aliamini lingekaa huko mpaka azikwe nalo. Kidole gumba kikiwa bado kwenye kifungio, alimtazama mjomba wake machoni.

“Nataka kabati hili litoke,” alisema. “Nataka benchi letu lirudi.”